Ukungu Ukizidi

Kituoni, tarehe 2 Machi

Kwa mume wangu Kobe,

Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari minane, na mitano kati ya hiyo ilikuwa salamu. Nimeisoma mara nne nikitafuta iliyobaki. Simu nayo haitusaidii, nikikupigia unasema "mm", nikinyamaza unasema "mm" nyingine, basi tuendelee na barua maana kwenye karatasi angalau unamaliza sentensi.

Uliniuliza chumba ninachofanyia kazi kikoje. Tunakiita handaki la upepo. Ni kirefu kama madarasa mawili yaliyounganishwa, feni kubwa iko mwisho mmoja, nozeli ya kupulizia dawa iko katikati, na mbele yake unapita mwali mwembamba wa mwanga mwekundu. Tunawasha feni, tunafungulia maji, matone yanakatiza kwenye mwali na mashine inasoma ukubwa wa kila moja. Mimi nakaa nyuma ya kioo na daftari. Siku nzima naangalia maji yakipita, kisha narudi kwenye chumba changu chenye kitanda kimoja, kiti kimoja na dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Sasa jambo kubwa. Mkataba wangu unakwisha tarehe 31 mwezi huu. Miaka miwili imekwisha, Kobe, sijui imepitia wapi. Mkuu wa maabara ameniita ofisini akanipa mkataba mwingine wa miaka mitatu na kutaka jibu kabla ya siku hiyo. Karatasi iko mezani kwangu chini ya kikombe. Nisaini, au nirudi nyumbani? Nakuuliza wewe. Usiniambie nitajua mwenyewe.

Kuhusu trekta lako la kupulizia, tumepima nozeli za aina yako. Kile kishikio cha feni kikiwa kwenye picha ya kobe, upepo ni wa taratibu na matone yanatoka makubwa. Kikiwa kwenye sungura, upepo unayapasua, yanakuwa madogo mno na kufika hata usikotarajia. Nitakueleza vizuri barua ijayo, dereva wa lori la ushirika anapita kesho asubuhi na bado sijapiga pasi nguo za kazini. Ila shika hili moja: cha kuogopa ni ukungu. Ukungu ukizidi, badilisha feni, usingoje kamati ya ushirika.

Nimekukumbuka. Naandika wazi ili usiseme hukuliona.

Mke wako,
Mpimaji


Nyumbani, tarehe 5 Machi

Mke wangu Mpimaji,

Barua niliipata Jumanne jioni, ina doa la nyanya. Huku sote wazima. Dada anakusalimia, anasema mizani yake ya ushirika imeharibika tena na watu wanamlaumu yeye kana kwamba ndiye anayewapunguzia uzito.

Ukungu umeingia kwenye mizabibu. Umeanza safu za chini, zile zinazopakana na uwanja wa dobi. Majani yana mabaka ya njano juu, ukiyageuza unakuta unga mweupe. Nilikuwa nasitasita nifanye nini, barua yako imekuja wakati wake. Jumamosi nitafanya kama ulivyosema.

Kuhusu mkataba, kazi yako unaijua wewe. Usiharakishe kurudi kwa sababu yangu. Nyumba ipo. Mlango wa jikoni nimebadilisha kitasa, kile cha zamani kilikuwa kinanifungia nje. Bado nalala upande wangu wa kitanda.

Asubuhi upepo ulikuwa mdogo.

Mumeo,
Kobe


Nyumbani, tarehe 12 Machi

Mke wangu,

Mambo shwari. Kazi inaendelea. Mvua imepita kidogo jana. Mikono yangu imekuwa laini siku hizi, ungeishika ungeshangaa.

Sina mengi. Mkataba usikuumize kichwa. Usiharakishe.

Kobe


Kituoni, tarehe 14 Machi

Mume wangu,

Barua yako inanuka sabuni.

Si sabuni yetu. Nimeishi na mashati yako miaka tisa, najua yananuka dawa ya shaba na jasho na yale mafuta ya trekta ambayo hayatoki hata uyachemshe. Hii ni sabuni ya unga ya watu wanaofua kwa bidii, na chini yake kuna harufu ya siki. Nimenusa bahasha mpaka mwenzangu wa maabara akaniuliza kama nimepata mafua. Halafu unaniambia mikono yako imekuwa laini. Mikono ya mtu wa trekta hulainishwa na nini, Kobe? Au na nani?

Nimesema. Naendelea.

Wiki hii tulifanya vipimo vya feni ikiwa imezimwa. Hewa imetulia kabisa, nozeli inapulizia hivi hivi. Majibu yakatoka ya ajabu, matone madogo yalikuwa mengi kupita kiasi. Mkuu akacheka, akasema kila mgeni hudanganyika hapo. Hewa ikitulia, tone kubwa hushuka likaenda zake, lakini dogo hupungua mwendo na kubaki linaelea mbele ya mwali, basi mashine inalihesabu zaidi ya linavyostahili. Ukiwasha feni hata kidogo, yote yanapita kwa mwendo unaokaribiana na hesabu inakaa sawa.

Nilirudi chumbani nikakaa kwenye kile kiti kimoja. Chumba changu hakina upepo hata kidogo. Vitu vidogo ndivyo vinavyoelea humu, "usiharakishe" yako ya kwanza, "usiharakishe" yako ya pili, harufu ya sabuni ya mtu. Inawezekana navipa ukubwa visivyokuwa nao. Lakini nitajuaje, ikiwa wewe hupulizi hata neno moja?

Zimebaki siku kumi na saba. Nilikuuliza swali na hukulijibu. Nakuuliza tena, nisaini au nirudi?

Mpimaji


Kituoni, tarehe 14 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Barua hii ni yako peke yako, usimpe kaka yako hata aishike. Nataka jambo moja tu na nakuomba usinizungushe. Ni nani anayemfulia? Nina hiari ya kubaki huku miaka mitatu, na kama mahali pangu pameshakaliwa nataka nijue kabla sijafunga sanduku.

Wifi yako


Mizanini, tarehe 19 Machi

Wifi,

Nimecheka mpaka waliopanga foleni na vikapu vyao wakadhani mizani imepona. Anayemfulia ni yeye mwenyewe. Na si mashati yake anayofua, ni mashuka arobaini ya hospitali. Kaa kitako nikupe habari, maana huyo kaka yangu angekufa nayo.

Jumamosi ya tarehe saba alipeleka trekta safu za chini. Unapajua pale, ukipita ua mfupi uko kwenye kamba za dobi. Mama wa watu alikuwa ameanika tangu alfajiri, mashuka meupe kutoka mwanzo wa kamba hadi mwisho. Kaka akasukuma feni kwenye sungura. Nakuapia niliisikia mimi nikiwa huku mizanini. Dawa ikatoka kama moshi, ikaruka ua bila kuaga, ikaenda kutua kwenye mashuka. Dawa yenyewe ile ya bluu. Yalipokauka yalikuwa na madoadoa kama kuku wa kanga.

Kamati ilikaa Jumatatu. Mwenyekiti akamuuliza, wewe umepulizia hapa miaka kumi na miwili, hata kuku wa jirani hujawahi kumlowesha, nani kakutuma kuweka sungura karibu na makazi ya watu? Kaka akasema, "Nimekosea." Wakauliza kwa nini. Akasema, "Nimekosea." Wakamnyang'anya ufunguo wa trekta. Sasa hivi anasuuza matangi, na kila asubuhi hadi saa nane mchana yuko kwa dobi, amepiga magoti mbele ya beseni la siki, anasugua doa moja moja. Dobi ana miaka sitini na ushee na anamgombeza kama mtoto wa chekechea. Kama unataka kumwonea wivu yule mama, mwonee kwa ulimi wake, maana kaka anamsikiliza kuliko alivyowahi kunisikiliza mimi.

Hakutaka ujue. Alisema ukisikia utarudi kwa kumhurumia, na yeye hataki mke aliyerudi kwa huruma. Nikamwambia mke aliyerudi ni mke aliyerudi, mengine mtayazungumza humo humo ndani. Akanijibu "mm".

Nimekuwekea kipande cha foronya ambayo imemshinda hata dobi. Wewe ndiyo kazi yako kusoma madoa, kisome. Na usiseme nimekuambia, ingawa atajua, maana hapa hakuna mwingine mwenye mdomo kama wangu.

Wifi yako wa mizani


Kituoni, tarehe 21 Machi

Mume wangu,

Usimgombeze dada yako.

Kile kipande cha foronya nimekiweka chini ya hadubini leo asubuhi, Jumamosi, maabara haina mtu. Tone likianguka kwenye kitambaa hutanuka, kwa hiyo nilidondosha matone ninayoyajua ukubwa kwenye pembe iliyobaki safi, nikalinganisha. Nimepima madoa mia moja. Mengi yametoka kwenye matone membamba kuliko unywele wa kichwa. Kwa nozeli zako, feni ikiwa kwenye kobe, matone kama hayo ni machache sana. Nilijua ni sungura kabla sijafika doa la ishirini. Niliendelea hadi mia kwa sababu lilikuwa ni jambo lililotoka mikononi mwako na sikutaka kulimaliza upesi.

Kisha nikajiuliza. Mume ninayemjua hukoroga chai mara tatu, akangoja itulie, ndipo akainua kikombe. Mtu huyo anawekaje sungura karibu na kamba za dobi? Nikafungua nyuma ya daftari langu. Huwa naandika rasimu za barua zako huko, usicheke, naona haya kukutumia barua yenye makosa. Nikasoma ya tarehe mbili. "Cha kuogopa ni ukungu. Ukungu ukizidi, badilisha feni."

Kobe, sikuwa nasema ugonjwa. Huku kutwa nzima tukisema ukungu tunasema ule moshi wa maji unaotoka nozeli inapokutana na upepo mkali. Miaka miwili nimelitumia neno hilo hivyo hadi nikasahau kwamba mkulima wa zabibu akisikia ukungu anatazama majani. Nilitaka kusema, ukiona moshi umezidi, toka kwenye sungura urudi kwenye kobe. Wewe ulikuwa kwenye kobe tangu mwanzo. Nikakuambia badilisha, ukabadilisha kwenda upande uliobaki.

Kosa ni langu lote. Nimeiandikia kamati barua, iko ndani ya bahasha hii, mpe mwenyekiti mkononi. Nimewaeleza neno kwa neno. Nimewaeleza pia kwamba si nguvu ya upepo peke yake inayopasua tone. Tone likienda mwendo mmoja na upepo hubebwa likiwa zima, bali mmoja akikimbia na mwingine akijivuta ndipo linavunjika vipande. Na dobi mwombe radhi kwa niaba yangu, nikifika nitapiga magoti mwenyewe.

Nimeandika "nikifika". Sijui kama nafika. Kwa nini hukuwaonyesha barua yangu? Ungewaonyesha mstari mmoja tu ungepona. Na lile swali langu bado liko pale pale. Unanitaka nyumbani, ndiyo au hapana?

Mke wako


Nyumbani, tarehe 25 Machi

Mke wangu Mpimaji,

Barua ya kamati nimempa mwenyekiti. Ameisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akaisoma tena akiwa amekaa. Watakutana.

Unauliza kwa nini. Siku ile mkono wangu ulikataa. Nilikishika kile kishikio nikakiachia mara mbili. Sungura namjua, najua akiachiwa hufanya nini. Lakini nikasema, huyu ni mke wangu, amekaa miaka miwili nyuma ya kioo kwa ajili ya jambo hili hili, nisipomsikiliza yeye nimsikilize nani. Na kusema kweli nilifurahi kwamba kuna kitu umenituma nikufanyie. Ni muda mrefu hujanituma kitu.

Barua yako nisingewaonyesha. Ina mambo ya kitanda kimoja na kiti kimoja, hayo si ya kamati. Halafu wangesema mpimaji amekosea. Maneno ya hapa hupanda lori. Yangefika kituoni, na ile karatasi yako chini ya kikombe ingeondolewa. Ufunguo wa trekta ni kitu kidogo kuliko hicho.

Mashuka yamebaki sita. Dobi anasema nina mkono mzuri kwa mwanamume, ila nakamua kama nanyonga mtu.

Kuhusu swali lako. Miaka mitatu ni heshima kubwa, hawapewi wengi. Saini.

Mumeo,
Kobe


Nyumbani, tarehe 29 Machi, Jumapili

Mke wangu,

Nilikuandikia usaini. Nilikudanganya.

Jana nilipiga simu ili nikuambie. Nilikuwa nimesimama nje ya stoo ya dawa, nimejipanga maneno yote. Ukasema "halo" na sauti yako ilikuwa karibu sana, nikakuuliza kama huko kumenyesha. Ukasema hapana. Nikasema "mm". Baada ya hapo nilibaki nimeishika simu iliyokatika mpaka dada akaja kuniuliza nani amekufa.

Mwanzoni nilijiambia nakuacha huru. Nikawa najiona mtu mwema, mume anayemwacha mke wake afanye kazi yake kwa amani. Si kweli. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema njoo, utasema siji, na baada ya hapo nisingekuwa na cha kungoja. Kungoja nimekuzoea. Asubuhi naamka nangoja, saa nne nangoja, nikipika napika cha watu wawili halafu nala kiporo chako kesho yake.

Nilipobadilisha kitasa cha jikoni duka lilinipa funguo mbili. Wa pili niliutundika kwenye msumari wako, kando ya mlango. Naupita kila siku nikitoka na nikiingia. Nimechoka kuupita.

Rudi. Si kwa sababu ya kamati, hilo litakwisha. Si kunihurumia, mimi nala na nalala. Nakutaka tu. Nakutaka unigombeze kuhusu viatu mlangoni, unipimie kila kitu hata chumvi. Kama kazi itakuuma, tutatafuta namna, mizabibu hii nayo inahitaji mtu wa kuipima. Usisaini. Rudi.

Barua hii inaondoka na lori la Jumanne. Nitampa dereva mwenyewe alfajiri, nimwambie akuwekee mkononi.

Mumeo


Kituoni, tarehe 30 Machi

Mume wangu,

Nimesaini leo saa tatu asubuhi.

Nilikuwa nimejipa hadi kesho. Lakini Jumamosi ulipiga simu, na wewe hupigi simu, nikajua hatimaye unasema. Nikakaa chini kwenye ngazi nikusikilize. Ukaniuliza kama kumenyesha. Nikaweka simu ile na kujiambia, mama, huyu mtu ameshakujibu. Ameandika saini. Ameandika usiharakishe mara mbili. Unataka akuandikie kwa rangi gani?

Mkuu amenipa mkono, amesema nimefanya uamuzi wa mtu mzima. Wenzangu wamenunua soda. Nimekunywa nusu.

Sikulaumu. Ulinilinda kwenye kamati, ukanifulia makosa yangu kwa mikono yako, na hata sasa nadhani unafikiri unanilinda. Ila ningependa uwe na ubinafsi kidogo, Kobe. Ningependa unionee uchoyo.

Nampa dereva barua hii kesho. Nisalimie wifi.

Mpimaji


Kituoni, tarehe 31 Machi

Mume wangu,

Dereva alipokea barua yangu kwa mkono wa kulia na kunipa yako kwa wa kushoto. Alikuwa na haraka, mzigo wa mchicha unanyauka. Nilingoja lori likate kona ndipo nikafungua, nimezoea kusoma barua zako nikiwa peke yangu. Niliposoma mstari wa kwanza nilikimbia hadi barabara kuu na sare ya maabara. Lilikuwa limeshaondoka.

Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu. Nilimwambia nirudishiwe karatasi. Akaniuliza imekuwaje tangu jana, nikamwambia mume wangu ameandika rudi. Alinitazama sana. Si mtu mbaya. Akafungua droo kunionyesha nakala, ukurasa wa tatu, pana sahihi yangu pia: miezi sita ya kwanza hakuna kuondoka, kwa sababu majaribio yanayoanza kesho yanategemea macho yale yale kutoka mwanzo hadi mwisho. Karatasi halisi ilishachukuliwa kwenda makao makuu jana ile ile. Mwisho wa Septemba naweza kuacha kazi bila neno. Nimeshaandika barua ya kuacha, nimeweka tarehe 30 Septemba, na yeye ameipokea na kupiga muhuri. Miaka mitatu sitakaa.

Wewe usije. Najua utataka kupanda lori, lakini msimu huu ukiiacha mizabibu hata wiki mbili hutaikuta, na kamati ndiyo kwanza inakufikiria.

Siku moja, Kobe. Ungeandika Jumatano ulichoandika Jumapili, leo ningekuwa nafunga sanduku. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, maana mimi nami ningeweza kurudi bila kuitwa. Nilitaka kuitwa. Ni jambo la kitoto, nalikubali, lakini miaka miwili nilikuwa nangoja neno hilo moja.

Sasa nakutuma kitu, kwa kuwa unasema unapenda kutumwa. Kila Alhamisi niandikie hilo neno. Usiniandikie hali ya hewa, usiniandikie vitasa. Kama huna kingine, andika hilo tu, weka kwenye bahasha, mpe dereva.

Mke wako


Nyumbani, tarehe 2 Aprili

Mke wangu,

Rudi.

Kobe


Nyumbani, tarehe 9 Aprili

Mke wangu,

Rudi.

Dada anasema barua ya neno moja ni kuharibu bahasha, niongeze hata salamu. Salamu.

Kobe


Nyumbani, tarehe 16 Aprili

Mke wangu,

Kamati imenirudishia ufunguo. Nilianza na habari hiyo kisha nikaona nimekosea mpangilio, na karatasi ilikuwa ya mwisho.

Rudi.

Kobe


Kituoni, tarehe 18 Aprili

Mume wangu,

Zimefika tatu.

Ya jana niliisoma kazini, sikuweza kungoja jioni. Mkuu alinikuta nimeishika mbele ya kioo cha handaki, feni inazunguka na maji sijafungulia. Akaniuliza kama ni habari mbaya kutoka nyumbani. Nikasema hapana, ni barua ya mume wangu. Akauliza kwa upole, anasemaje? Nilifungua mdomo nimwambie, neno lenyewe ni moja tu, mtoto angelisoma. Nikashindwa kulitamka. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo, kisha nikanawa uso nikarudi kupima.

Endelea kuandika. Imebaki miezi mitano na siku kumi na mbili.

Mke wako